Ini hujuaje kuwa kolesteroli imetosha?

Swali: «Docta, jambo. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi hapa Bukavu. Papa yangu, mwalimu mstaafu wa miaka 61, alipimwa damu akakutwa na kolesteroli ya jumla 271 mg/dl, na ile ya LDL 188. Aliacha mayai kabisa kwa miezi mitatu, akarudi kupimwa, LDL ikawa 181. Amevunjika moyo na anasema laboratwari inamdanganya. Darasani tumefundishwa kwamba ini ndilo linalotengeneza kolesteroli na ndilo linaloigeuza kuwa nyongo, lakini hakuna aliyetueleza linajuaje litengeneze kiasi gani na ligeuze kiasi gani. Amri inatoka wapi? Tena nina shangazi aliyetolewa mfuko wa nyongo. Je, ini lake bado linaweza kazi hiyo?»

Dada mpendwa,

Mwambie mzee kwamba laboratwari haimdanganyi. LDL, yaani kolesteroli iliyobebwa na chembe zinazoisafirisha katika damu, kwa mtu yule yule hupanda na kushuka kwa asilimia kadhaa kati ya kipimo kimoja na kingine hata asipobadilisha chochote, kwa hiyo tofauti kati ya 188 na 181 haitoshi kusema kwamba imeshuka. Wala haithibitishi kwamba mzee alikula mayai kwa siri. Matokeo ya namna hiyo ndiyo ninayoyatarajia kwa mtu aliyeacha mayai na kuyaacha mengine yote kama yalivyokuwa, na sababu yake imo ndani ya swali lako. Ini halipokei amri kutoka kwenye sahani, na, jambo ambalo huwashangaza hata wanafunzi wa udaktari, halipimi moja kwa moja kolesteroli iliyomo katika damu. Linapima vitu viwili: kolesteroli iliyomo katika tando za seli zake lenyewe, na asidi za nyongo zinazorudi kwake kutoka utumboni. Kwa vipimo hivyo viwili huziamsha jeni hizi (maagizo ya urithi ya kuunda protini) na kuzilaza zile, na tarakimu mnayoisoma kwenye karatasi ni matokeo ya uamuzi uliokwisha kufanyika.

Tuanze na hesabu. Kiini cha yai moja kina kolesteroli inayokaribia miligramu 200. Mtu anayekula chakula mchanganyiko hupata takriban miligramu 300 kwa siku, na utumbo hufyonza karibu nusu yake. Mwili wenyewe hutengeneza kati ya miligramu 700 na 1,000 kila siku. Zaidi ya hayo, ini humwaga utumboni pamoja na nyongo kolesteroli ipatayo gramu 1 kwa siku, ambayo sehemu yake hufyonzwa tena. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kolesteroli iliyomo utumboni imetoka kwenye ini, haikutoka jikoni. Ukiondoa yai katika hesabu hiyo umeondoa kitu kidogo, na ini hulijaza pengo hilo bila kelele.

Namna linavyolijaza ndiyo sehemu nzuri zaidi ya habari hii, kwa hiyo univumilie nikienda polepole. Kila seli ya ini ina mtandao wa tando za ndani uitwao retikulamu ya endoplazimu, ambamo protini nyingi huundwa. Mtandao huo una kolesteroli kidogo sana, kama asilimia 1 ya kolesteroli yote ya seli au pungufu, ilhali iliyo nyingi imo katika utando wa nje. Uchache huo ndio unaoufanya mtandao uwe mahali pazuri pa kupimia, kwa kuwa badiliko dogo la seli nzima huonekana kubwa pale. Mama anayeuza unga katika soko la Kadutu hatazami malori yaliyo njiani. Hutazama magunia yaliyobaki ndani ya depo yake, na kwa hayo huamua kuagiza au kungoja. Seli ya ini nayo hufanya vivyo hivyo.

Ndani ya tando hizo imo protini inayoitwa SREBP-2. Kipande chake kimoja kina uwezo wa kushika jeni na kuziamsha, lakini kwa kuwa kimefungwa kwenye utando hakiwezi kufika kwenye kiini cha seli, ambako jeni zipo. SREBP-2 imeshikana na protini ya pili, SCAP, na hiyo ndiyo inayoihisi kolesteroli. Kolesteroli ikizidi takriban asilimia 5 ya mafuta yote ya utando ule, SCAP hubadilika umbo, hushikwa na protini ya tatu iitwayo INSIG, na zote hubaki pale pale. Ikipungua chini ya kiasi hicho, INSIG huachia, SCAP huisindikiza SREBP-2 hadi kwenye tando za Golgi, sehemu nyingine ya seli ile ile, na huko vimeng'enya viwili (protini zinazoendesha kazi za kikemia) huikata kimoja baada ya kingine mpaka kile kipande kinakuwa huru kuingia kwenye kiini. Mpito kati ya hali hizi mbili ni wa ghafla: tofauti ya asilimia chache katika utando yatosha kuifungia SREBP-2 au kuiachilia.

Jeni zinazoamshwa na kipande hicho ni nyingi, nami nitazitaja mbili tu. Ya kwanza ni ya HMG-CoA reduktesi, kimeng'enya kinachotawala mwendo wa njia nzima ya kutengeneza kolesteroli, njia yenye hatua zipatazo 30. Ya pili ni ya kipokezi cha LDL, protini inayojitokeza juu ya uso wa seli na kunasa chembe za LDL zinazopita katika damu. Zishike zote mbili pamoja akilini. Ini lenye upungufu hutengeneza zaidi na wakati huo huo huvuta zaidi kutoka kwenye damu. Ini lililoshiba hupunguza yote mawili, na LDL hubaki ikizunguka bila wa kuichukua, kwa kuwa ini peke yake huondoa karibu asilimia 70 ya LDL ya mwili mzima. Hivyo basi, mtu mwenye LDL nyingi katika damu mara nyingi ana vipokezi vichache juu ya ini lake, ama kwa sababu ini limeshiba, ama kwa sababu jeni ya kipokezi ina kasoro, ama kwa sababu kuna kitu kinachoviharibu vipokezi kabla ya wakati.

Walioifumbua njia hii ni Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, katika jimbo la Texas huko Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walichukua seli za ngozi za wagonjwa waliorithi jeni mbovu ya kipokezi kutoka kwa wazazi wote wawili. Wagonjwa wa aina hiyo wanaweza kuwa na LDL inayopita 500 mg/dl, nao hushikwa na maradhi ya mishipa ya moyo tangu utotoni. Seli za watu wazima wa afya, zilipowekwa katika umajimaji wenye LDL, ziliacha kutengeneza kolesteroli. Seli za wagonjwa hao ziliendelea kuitengeneza kana kwamba hakuna kitu nje. Kwa hakika kwao hakikuwapo, maana LDL ilikuwa imezizunguka pande zote lakini haikuweza kuingia. Hakuna jaribio linaloonyesha vizuri zaidi kwamba seli hupima ya ndani yake. Brown na Goldstein walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985, na SREBP yenyewe haikutambuliwa hadi mwaka 1993.

Waliorithi jeni mbovu moja tu, kutoka kwa mzazi mmoja, ni wengi kuliko watu wanavyodhani: takriban mtu 1 kati ya 300 duniani. Hao kwa kawaida huwa na LDL ya 190 au zaidi tangu ujana wao. Mzee wako yuko karibu na mpaka huo, na ndiyo maana baadaye nitakuuliza habari za ndugu zake.

Sasa utaelewa kwa nini dawa za jamii ya statini hufanya kazi, jambo ambalo mara nyingi huelezwa nusu nusu. Mjapani Akira Endo, akiwa katika kampuni ya Sankyo jijini Tokyo, alichunguza aina zipatazo 6,000 za kuvu na vijidudu vingine, na katika miaka ya 1970 akapata kutoka kwenye kuvu ya jamii ya Penicillium dawa iliyokizuia kimeng'enya cha reduktesi. Watu husema: dawa huzuia utengenezaji, kwa hiyo kolesteroli hupungua. Hiyo ni nusu ya kwanza tu, na kwa maoni yangu ndiyo nusu isiyo na uzito. Utengenezaji ukizuiwa, tando za ndani ya seli ya ini hupungukiwa, SREBP-2 huachiliwa, jeni ya kipokezi huamka, vipokezi huongezeka, na ini huanza kuivuta LDL kutoka kwenye damu. Dawa imelifanya ini lihisi upungufu, na ini likajitafutia.

SREBP-2, hata hivyo, haichagui. Pamoja na jeni ya kipokezi, huiamsha pia jeni ya protini iitwayo PCSK9, ambayo hutoka nje ya seli, hukishika kipokezi cha LDL na kukipeleka kwenda kuvunjwa badala ya kurudi juu kufanya kazi tena. Statini basi hukanyaga mafuta na breki kwa mguu mmoja, na ndiyo maana kuongeza dozi maradufu hushusha LDL kwa asilimia 6 tu zaidi. PCSK9 iliunganishwa na kolesteroli mwaka 2003, kutokana na familia za Ufaransa ambazo protini hiyo ilizidi nguvu. Kinyume chake kiligunduliwa kwa watu wenye asili ya Afrika: Helen Hobbs na Jonathan Cohen, wa Dallas pia, waligundua kwamba asilimia 2 hadi 3 ya Wamarekani weusi wana jeni ya PCSK9 iliyokatika, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006 watu hao walikuwa na LDL iliyo chini kwa asilimia 28 na hatari ya maradhi ya mishipa ya moyo iliyo chini kwa asilimia 88. Moja ya jeni hizo zilizokatika imepatikana pia kwa wanawake wa Zimbabwe. Dawa za sindano zinazoizuia PCSK9 zipo tangu mwaka 2015, na chanzo chake ni elimu iliyotoka katika damu ya watu wetu. Bei yake, kwa bahati mbaya, haijalijua soko letu.

Hicho ndicho kipimo cha kwanza. Cha pili ni nyongo, na hapo naona ndipo darasa lenu lilipowaacha.

Mwili wa binadamu hauwezi kuivunja kolesteroli mpaka ikawa hewa na maji, kama uvunjavyo sukari. Una njia kuu mbili tu za kuiondoa: kuitoa ilivyo ndani ya nyongo, au kuigeuza kuwa asidi za nyongo. Njia ya pili huanzia kwenye kimeng'enya CYP7A1, ambacho hupatikana katika ini tu, na mwendo wake ndio unaotawala mwendo wa njia nzima. Mwisho wake ni asidi mbili za msingi, ya koliki na ya kenodeoksikoliki, ambazo ini huziunganisha na glisini au taurini kabla ya kuzitoa. Ini hutengeneza takriban nusu gramu kwa siku. Kiasi hicho ni kidogo kwa sababu asidi za nyongo hazitumiki mara moja zikatupwa: mwilini mna gramu 2 hadi 4 tu, nazo huzunguka kutoka kwenye ini hadi utumboni na kurudi mara 6 hadi 10 kwa siku, na katika kila mzunguko asilimia 95 hivi hufyonzwa tena mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudishwa na mshipa mkubwa unaotoka matumboni kwenda kwenye ini. Nusu gramu inayotengenezwa ni fidia ya ile inayopotea chooni.

Ini lina sababu nzito ya kuziangalia kwa karibu, kwa kuwa asidi za nyongo zina tabia ya sabuni. Utumboni sifa hiyo husaidia kuyayeyusha mafuta ya chakula. Ndani ya seli ya ini, zikizidi, sifa hiyo hiyo hupasua tando na kuiua seli. Mlinzi wake ni protini iitwayo FXR, moja ya vipokezi vinavyokaa ndani ya kiini cha seli na kushika jeni moja kwa moja, ikiambatana na mwenzake RXR. Ilijulikana mwaka 1995, lakini haikueleweka inapokea nini hadi mwaka 1999, makundi matatu ya watafiti yalipoonyesha, karibu wakati mmoja, kwamba kinachoiamsha ni asidi za nyongo zenyewe.

Asidi za nyongo zikijaa ndani ya seli ya ini, FXR hufanya mambo kadhaa kwa pamoja. Huamsha jeni ya BSEP, pampu inayozisukuma asidi hizo nje kwenye mifereji ya nyongo. Huamsha jeni ya SHP, protini isiyo na uwezo wa kushika jeni kwa mkono wake, lakini inayowanyamazisha wale walioiamsha CYP7A1, yaani LRH-1 na HNF4α, hivi kwamba utengenezaji wa asidi mpya hushuka. Tena kwa njia ya SHP hupunguza NTCP, protini inayoziingiza asidi za nyongo kutoka kwenye damu. Wewe uliye muuguzi wa kesho, ujue kwamba NTCP hiyo hiyo ndiyo ambayo virusi vya homa ya ini aina ya B huitumia kuingia kwenye seli ya ini. Watafiti wa Beijing waliligundua hilo mwaka 2012, na ndiyo sababu virusi hivyo haviishambulii ngozi wala misuli.

Njia ya pili ya FXR iko mbali na ini, na kwa CYP7A1 yaonekana kuwa na uzito zaidi, kwa sababu panya walioondolewa FXR ya utumbo peke yake hushindwa kuizima CYP7A1 kuliko walioondolewa ile ya ini. Mwishoni mwa utumbo mwembamba, asidi za nyongo zinapofyonzwa, huiamsha FXR ya seli za utumbo, nazo seli hizo hutoa homoni iitwayo FGF19. Homoni hiyo husafiri kwa mshipa ule ule hadi kwenye ini, hukishika kipokezi FGFR4 kikisaidiwa na protini β-Klotho, na amri inayopita humo huizima jeni ya CYP7A1. Umeuliza amri inatoka wapi: hii moja hutoka utumboni, baada ya chakula, nayo huliambia ini kwamba nyongo iliyotumwa imefika na inarudi. Na kwa kuwa CYP7A1 na nakala ya jeni yake haziishi muda mrefu ndani ya seli, ni saa chache tu, jeni ikizimwa asubuhi kazi hupungua siku hiyo hiyo.

Sasa viunganishe vipimo viwili. Asidi za nyongo zikirudi nyingi, CYP7A1 hulala, kolesteroli haitumiki, hujaa katika tando za seli ya ini, SREBP-2 hufungiwa, vipokezi vya LDL hupungua, na LDL ya damu hupanda. Zikizuiwa kurudi, yote hugeuka. Hayo ndiyo yanayofanywa na resini kama kolestiramini, unga ambao haufyonzwi, unaozishika asidi za nyongo utumboni na kutoka nazo chooni. FGF19 hushuka, CYP7A1 huamka, ini hula kolesteroli yake lenyewe ili kufidia nyongo iliyopotea, na likipungukiwa huongeza vipokezi. Katika jaribio kubwa la Marekani lililotangazwa mwaka 1984, wanaume 3,806 wenye kolesteroli nyingi waligawanywa kati ya dawa hiyo na unga usio na dawa, na maradhi ya mishipa ya moyo yalipungua kwa asilimia 19. Kasoro ya SREBP-2 ni ile ile niliyokwisha kuitaja, haichagui: ikiamka huongeza vipokezi lakini huongeza na reduktesi, kwa hiyo resini peke yake hufika mahali ikasimama, na ikiambatana na statini huenda mbali zaidi.

Ushahidi wa kwamba mambo haya yameshikana hata kwa binadamu ulitoka mwaka 2002 kwa familia moja ambayo baadhi ya watu wake hawakuwa na CYP7A1 inayofanya kazi. Walitoa asidi za nyongo kidogo mno, LDL yao ilikuwa juu, na statini haikuwasaidia kama ilivyotarajiwa. Nasema «hata kwa binadamu» kwa makusudi. Kuna kipokezi kingine cha kiini, LXR, kinachoamshwa na kolesteroli iliyoongezewa oksijeni, na ambacho huamsha jeni za pampu ABCG5 na ABCG8 zinazoitoa kolesteroli kwenye nyongo. Kwa panya, LXR huiamsha pia CYP7A1, na ndiyo maana panya anaweza kulishwa kolesteroli nyingi akaigeuza kuwa nyongo bila shida. Mwaka 1998 panya walioondolewa LXRα walipolishwa hivyo, maini yao yalijaa kolesteroli. Binadamu hana uhusiano huo kati ya LXR na CYP7A1. Ukisoma kwamba mmea fulani uliokoa ini la panya, ulizia kwanza kama ulipita njia ambayo sisi tunayo.

Turudi kwa mzee. Swali langu la kwanza kwake lisingekuwa juu ya mayai, lingekuwa juu ya mafuta ya mawese. Mawese hayana kolesteroli, na wauzaji husema kweli wanaposema hivyo, lakini karibu nusu yake ni mafuta mango (yale yanayoganda upesi), hasa asidi ya palmitiki, na mafuta ya aina hiyo hupunguza vipokezi vya LDL kwenye ini. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba seli huificha kolesteroli ya ziada kwa kuifunga kwenye asidi za mafuta na kuiweka ghalani, na asidi zisizo mango huifungia vizuri kuliko zile mango. Palipo na palmitiki nyingi, kolesteroli iliyo huru hubaki kwenye tando, SCAP huihisi, na ini huamini kwamba limeshiba. Sombe inayoelea kwenye mawese kila siku inaweza kuipandisha LDL kuliko mayai matatu ya juma zima. Simwambii aache sombe, na sidhani angenisikiliza. Mafuta yapunguzwe, sehemu yake iwe ya karanga au alizeti, na yale meupe ya chupa yasomwe maandishi yake, maana huenda nayo ni mawese yaliyosafishwa. Maharagi aongeze: nyuzi zake zinazoyeyuka huzishika asidi za nyongo kwa namna ya resini, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi.

Swali la pili ni tezi ya shingo. Homoni yake huiamsha jeni ya kipokezi cha LDL, na ikipungua, vipokezi hupungua, LDL hupanda, na hakuna mlo utakaoishusha ipasavyo. Hapa Kivu hatuna haki ya kulisahau hilo. Kisiwa cha Idjwi kiliingia katika maandiko ya tiba tangu miaka ya 1960 kwa sababu ya goita, iliyotokana na upungufu wa iodini pamoja na sumu ya muhogo isiyoondolewa vizuri, ambayo huizuia iodini isiingie kwenye tezi. Chumvi yenye iodini imebadilisha mengi, lakini mtu wa miaka 61 alizaliwa kabla yake. Kipimo cha TSH, kile cha damu kinachoonyesha kazi ya tezi, kifanyike kabla ya kuandika statini, na pamoja nacho sukari ya damu na protini ya mkojo, kwa kuwa figo zinazovujisha protini nazo hupandisha LDL.

La tatu ni ukoo. Kama kaka au dada zake wana LDL ya aina hiyo, au kama kuna aliyekufa ghafla kwa moyo kabla ya miaka 55, basi jeni ya kipokezi ishukiwe, nawe pamoja na ndugu zako mpimwe. Ikiwa tezi na figo ni nzima, LDL ya 181 kwa umri wake, hasa akiwa na shinikizo la damu au sukari, hunielekeza kwenye statini. Akipewa simvastatini ainywe jioni, kwa sababu utengenezaji wa kolesteroli hupanda usiku na dawa hiyo haidumu sana mwilini; atorvastatini hudumu, saa yoyote inafaa. Arudi kupimwa baada ya wiki 6 hadi 12, asirudi baada ya wiki moja, na muda wa kurudi uamuliwe na daktari anayemwona.

Kuhusu shangazi, ini lake linaweza kazi hiyo bila tatizo. Mfuko wa nyongo ni ghala tu. Jeni zote nilizozitaja zimo katika ini na utumbo, navyo havikuguswa. Kilichobadilika ni kwamba nyongo yake sasa hutiririka wakati wote badala ya kungoja chakula, na asidi zile huzunguka mara nyingi zaidi kwa siku. Baadhi ya watu waliotolewa mfuko hupata kuhara kwa majimaji baada ya kula, kwa sababu asidi za nyongo hufika kwenye utumbo mpana kwa wingi kuliko zamani. Ikiwa ndivyo ilivyo kwake, asione haya kumwambia daktari wake, maana kolestiramini ile ile niliyoieleza hapo juu mara nyingi huituliza hali hiyo; ila aachanishe saa kadhaa kati ya unga huo na dawa nyingine anazokunywa, kwa kuwa unga huo hauchagui cha kushika.